Kazi ya Kikundi na Jiko Lililopasuka

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa katika nyumba nyingi za askari ni kazi za kikundi ambazo watoto hupewa shuleni. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza kutumika nchini Uganda mwaka 2020, mwanafunzi hapimwi kwa mtihani wa mwisho peke yake. Asilimia 20 ya alama zake hutokana na kazi azifanyazo shuleni, na asilimia 80 hutokana na mtihani. Katika kazi hizo imo miradi, ambayo wanafunzi hutakiwa kutafuta shida iliyopo mahali wanapoishi, kubuni kifaa cha kuipunguza, kisha kukitengeneza na kukijaribu. Hapo ndipo manung'uniko huanza, maana mzazi huuliza: iwapo mwanangu ndiye aliyekesha, mbona sifa wagawiwe wote?

Swali hilo liliulizwa na sajini mmoja wa polisi ambaye binti yake yumo katika kidato cha tatu. Binti huyo na wenzake wanne walitakiwa kubuni sigiri itumiayo makaa kidogo, naye akachaguliwa kuwa kiongozi. Siku ya kwanza aliipima sigiri ya mama yake, akachora mchoro safi: bati kwa nje, udongo wa mfinyanzi kwa ndani ili joto lisipotee, mlango mdogo chini wa kuongeza au kupunguza hewa, na vishikizo vitatu vya kuiweka sufuria karibu na moto. Mwalimu aliusifu mchoro ule mbele ya darasa.

Juma la pili mambo yaliharibika. Msichana mmoja hakuonekana jioni hata mara moja. Mvulana mmoja alipendelea mpira. Wengine wawili walifika, wakakaa wakitazama. Kiongozi akaona kuwangoja ni kupoteza wakati, akaamua kufanya yote mwenyewe. Aliukanda udongo, akaufinyanga, akauanika juani siku mbili ili uwahi kukauka, ukachomwa, kisha akampelekea fundi wa bati. Siku ya majaribio moto uliwashwa na sufuria ya maji ikatelekwa. Kabla maji hayajachemka, udongo ulipasuka kutoka juu hadi chini, na kipande kikaanguka majivuni.

Ndipo mmoja wa wale wawili waliokuwa wakitazama aliposema kwa sauti ya chini, "Dada, udongo mtupu haustahimili moto. Bibi yangu ni mfinyanzi. Yeye huuchanganya na vigae vilivyosagwa, kisha huuanika kivulini siku nyingi, ukauke polepole."

"Mbona hukusema mapema?"

"Ulikuwa umekwisha kuamua."

Jioni ile sajini alipopata habari alighadhibika. Alikusudia kwenda shuleni asubuhi kumwomba mwalimu mkuu binti yake apimwe peke yake. Binti naye alikuwa mezani na kitabu cha kazi, ambamo kila kiongozi hupaswa kuandika nani alifanya nini. Alikuwa ameandika kwamba wenzake hawakufanya kazi yo yote. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini kalamu ilimwia nzito, kwa kuwa hayakuwa kweli yote. Hakuna mahali alipoandika kwamba hakumpa mtu nafasi ya kusema.

Mama yake, aliyekuwa akipepeta mchele, akauliza, "Yule mwenzenu asiyekuja jioni, mlimwuliza sababu?" Binti akanyamaza.

Sajini alipoyasikia hayo, hasira yake ilipoa. Akamweleza binti yake jambo alilojifunza kazini. Kiongozi wa doria anayebeba kila kitu mwenyewe, asiwaambie wenzake njia wala shabaha ya safari, huonekana hodari mpaka siku atakapougua. Siku hiyo doria nzima hupotea. "Lakini na askari asiyefika zamu yake," akaongeza, "hufichiwi, mwanangu. Jina lake huandikwa."

Asubuhi sajini hakwenda shuleni. Binti aliwakusanya wenzake, akakiri kosa lake, akawauliza kila mmoja awezalo. Ikajulikana kwamba msichana yule asiyefika jioni alikuwa akiwapikia wadogo zake, kwa kuwa mama yao huuza sokoni hadi usiku. Basi akapewa kazi iliyomfaa: kupima makaa kwa mizani kabla na baada ya kupika, na kuandika dakika ambazo maji huchukua kuchemka. Mjukuu wa mfinyanzi akapewa udongo. Mwingine akapewa bati na safari za kwa fundi. Mpenda mpira akapewa kusaga vigae, na siku ya kuvileta ikatajwa mbele ya wote. Mara ya kwanza alileta, mara ya pili hakuleta, na kitabu kikaandikwa hivyo hivyo.

Jambo hili halihusu wanafunzi wa sekondari tu. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walilionyesha gari la umeme la viti viwili liitwalo Kiira EV. Kabla yake, wanafunzi wa Makerere walikuwa wameshirikiana na wenzao wa vyuo vikuu vya nchi nyingine kubuni gari liitwalo Vision 200. Gari la namna hiyo lina betri, mota, magurudumu, breki na bodi. Anayejua umeme hana budi kumsikiliza anayejua bodi, maana betri ikizidi uzito, breki na magurudumu nayo hubadilika. Hakuna fundi mmoja awezaye kuyashika yote hayo, hata awe na akili namna gani.

Kwa hiyo, mzazi asikiapo mtoto wake akilalamikia kikundi, yafaa amwulize maswali matatu kabla ya kuvaa viatu kwenda shuleni. Je, kila mmoja anaijua kazi yake na siku ya kuimaliza? Je, asiyefika ameulizwa sababu? Na je, mtoto mwenyewe amewahi kulipokea shauri la mwenzake, au wenzake huitwa tu kushika taa? Majibu yakiwa mema na mvivu akabaki mvivu, hapo mwalimu aelezwe wazi, maana si haki mtu kula jasho la mwenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kidole kilichokataa kukunjwa nacho hakisaidii.

Sigiri ya pili ilikaushwa kivulini kwa majuma mawili. Maji yalichemka, udongo haukupasuka, na mizani ilionyesha kwamba makaa yaliyobaki yalizidi yale yaliyobaki katika sigiri ya zamani. Mradi ulipokwisha kupimwa, wenzake waliafikiana kwamba sigiri ile iende nyumbani kwa yule msichana anayewapikia wadogo zake.