Chozi Analea Watoto Bustanini Kwako

Ndugu msomaji, kesho asubuhi nenda bustanini kwako. Tazama maua ya mgomba. Huenda ukamwona ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda. Anaingiza mdomo ndani ya ua na kunywa maji yake matamu. Ndege huyu anaitwa chozi. Si chozi la kulia!

Chozi wako wa aina nyingi. Mmoja wao hupenda kukaa karibu na nyumba za watu. Dume lake ni jeusi, na kifua chake ni chekundu kama moto. Jike lina rangi ya udongo, na watu wengi hawalitazami mara mbili. Lakini mwezi huu tulitazame jike, maana ndilo lenye kazi.

Jike hujenga kiota peke yake. Hukusanya nyasi, majani makavu na manyoya. Kamba hana. Hufunga vitu hivyo kwa utando wa buibui. Kiota huning'inia kwenye tawi kama mfuko. Mlango uko ubavuni, na juu ya mlango kuna kibaraza kidogo. Ukikiona kwa haraka utadhani ni takataka zilizoletwa na upepo. Kwa hiyo, tazama vizuri kabla ya kukata matawi.

Ukikipata kiota, usikiguse. Keti mbali, kama hatua 15. Ukimsumbua sana mama, anaweza kuyaacha mayai yake. Chukua daftari na kalamu, uandike tarehe. Mayai mara nyingi ni 2. Mama huyalalia kwa siku 14 hivi. Siku utakapomwona akiingia na mdudu mdomoni, ujue watoto wametoka. Andika tarehe hiyo pia.

Sasa chukua kikombe na punje za mahindi. Kila chakula kikiletwa kiotani, tia punje 1 kikombeni. Fanya hivyo kwa saa 1, kisha hesabu punje na uandike. Rudia baada ya siku chache, ulinganishe.

Maji ya maua peke yake hayamkuzi mtoto. Anahitaji buibui na wadudu wadogo. Wanatoka wapi? Wengine wanatoka kwenye kunde na mchicha wako. Hapa ndipo penye shauri, ndugu msomaji. Ukipuliza dawa ya wadudu siku hizo, unawanyima watoto chakula. Tena mama anaweza kuwaletea mdudu mwenye sumu. Kama viwavi ni wachache, waokote kwa mkono. Watoto hukaa kiotani siku 15 hadi 20 tu. Je, huwezi kungoja? Lakini kama mboga zote zinaangamia, hilo ni jambo jingine. Mwite bwana shamba.

Kuna jambo litakalokushangaza. Pengine utaona mtoto 1 tu, mkubwa, amejaa kiota kizima. Mama mdogo anahangaika kumlisha. Huyo si mtoto wake! Yuko ndege mwingine, wa kijani mgongoni na mweupe tumboni, ambaye hajengi kiota. Hutaga yai lake katika kiota cha chozi. Mtoto wake akitoka yaini, husukuma nje mayai au watoto wa mwenye nyumba. Watu wengine hukasirika, wakataka kumtupa. Mimi nasema mwacheni. Akikua atakula viwavi, hata wale wenye manyoya. Naye chozi anaweza kutaga tena.

Watoto wa chozi wakisha kuruka, wazazi huendelea kuwalisha kwa siku kadhaa. Jioni watoto huweza kurudi kulala katika kiota kile kile. Basi, tawi lile usilikate bado. Na kama una mtoto mwenye manati, mwonyeshe kiota kabla hajakiona mwenyewe. Mpe yeye kazi ya kuhesabu punje.