Simba Saba, Si Saba Simba

"Mieleka ilikuwa zamani, bwana! Siku hizi usanii mtupu."

Sentensi hiyo nimechoka kuisikia. Inasemwa kijiweni, inasemwa kwenye daladala, inasemwa na wazee wenye wajukuu, na sasa inasemwa hata na vijana ambao hiyo zamani yenyewe haikuwakuta duniani. Ukiwauliza zamani ipi, watakutajia Hulk Hogan akichana fulana, Ultimate Warrior akitikisa kamba, Undertaker akigeuza macho yakabaki meupe. Yaani WWF ya miaka ya 80 na mwanzo wa 90, kabla haijaitwa WWE mwaka 2002. Wakishazitaja hizo wanatema mate pembeni, mjadala umefungwa.

Mimi naufungua.

Kwanza tuondoe porojo moja. Hapa sibishani kama mieleka ile ni ya kweli au ya kupanga. Wenyewe walishajibu: mwaka 1989 WWF walikiri mbele ya wakubwa wa jimbo la New Jersey kwamba wanachofanya ni burudani, ili wasisimamiwe na kutozwa kama mchezo wa ngumi. Sawa. Lakini kama ni ya kupanga, basi imeandikwa. Kama imeandikwa, ina mwandishi. Na sisi tunaojiita waandishi chipukizi tuna haki ya kumshika shati mwandishi huyo na kumwuliza: wale wahusika wako weusi ulikuwa unaandika watu, au ulikuwa unaandika ngozi?

Chukueni Kamala. Washkaji wengi mnamkumbuka: jitu la miraba minne, uso umepakwa rangi, nyota kifuani, mwezi tumboni, miguu mitupu, anaingia na mkuki na kinyago huku akijipiga tumbo. Mtangazaji anasema huyu ndiye Jitu la Uganda. Uganda gani? Jina lake ni James Harris, mtu wa Mississippi, Marekani. Tabia hiyo ilibuniwa mjini Memphis mwaka 1982 na Jerry Lawler pamoja na Jerry Jarrett. Msitu wa Uganda mliouona kwenye picha za kumtambulisha ulikuwa Tennessee.

Hata jina hawakuhangaika nalo. Wahindi wana Kamala wao, ni ua. Watu wa Bukoba wana akina Kamala wao, watu wa heshima zao. Hawa wa Memphis waliokota sauti tu, ikawatosha. Na aliyemwongoza ulingoni alikuwa mzungu aliyefunikwa uso kwa kinyago, amevaa nguo za kaki na kofia ya mlowezi anayekwenda kuwinda, akiitwa Kim Chee. Jina la kabichi iliyochachushwa ya Wakorea! Mlowezi mwenye jina la mboga anamwongoza Mwafrika mwenye jina la kuokota. Hiyo ndiyo fasihi mnayoililia.

Sasa sikilizeni hadithi waliyompa. Walisema Kamala alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Mwaka 1982! Majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978. Kampala ilianguka Aprili 1979. Watu wa Kagera walikuwa wamerudi kwenye nyumba zisizo na mapaa. Waganda walikuwa bado wanatafuta ndugu zao waliochukuliwa usiku wasirudi. Mbichi kabisa, kidonda hata hakijapata kigaga, mtu wa Memphis anakichukua anakifanya tangazo la kuuzia tiketi. Wewe unayetoka nchi iliyopeleka vijana wake kwenye vita ile unakaa kwenye benchi la kibanda cha video unapiga makofi, halafu unaniambia hiyo ndiyo ilikuwa mieleka.

Najua mtakalosema. "Acha ushamba, kila mtu alikuwa kikaragosi! Mzungu naye alifanywa mtoza kodi, mzungu naye alifanywa mzoa taka, mzungu naye alifanywa mzika maiti." Kweli kabisa. Irwin R. Schyster alipigana na tai shingoni akiwadai watu kodi. Duke Droese alibeba pipa la taka. Undertaker alizika. Lakini tazameni vizuri: hao walipewa kazi. Mtoza kodi ana tamaa, ana chuki, ana mdomo. Anataka pesa yako. Kamala alipewa nchi nzima aibebe mgongoni, kisha akanyimwa ulimi. Miaka yote ile hakusema neno la maana. Alinguruma. Alipigana na Undertaker uwanja wa Wembley mwezi wa Agosti 1992 mbele ya watu wanaokadiriwa kuwa 80,000, na hakuna aliyejua anataka nini. Mkanda? Pesa? Kurudi kwao? Mwandishi hakujiuliza.

Ikafika mwaka 1993, wakaamua kumfanya mwema. Wakamletea mchungaji mweusi, Slick, amfundishe kwamba yeye si mnyama, ni binadamu. Ndugu zangu, hilo lilikuwa somo! Waliona ni habari njema kabisa ya kuonyesha watoto. Na hata alipokwisha kuwa binadamu, mzaha wake mkubwa ulikuwa kwamba hajui kushinda: anamlaza mpinzani kifudifudi wakati sheria inataka alale chali. Mtu mwenye miaka zaidi ya kumi ulingoni hajui mgongo ni upi na tumbo ni lipi.

Mkisema "zama zenyewe zilikuwa hivyo, hawakujua kuandika vingine", nawajibu kwa jina moja: Virgil.

Kampuni ileile, miaka ileile. Ted DiBiase, tajiri anayejitapa kwamba kila mtu ana bei yake, ana mtumishi mweusi anayeitwa Virgil. Mtumishi anabeba pesa, anafuta viatu, anapigwa badala ya bosi. Kwa kumtazama haraka unasema hilo nalo tusi. Ila tofauti ni kwamba mwandishi alimwacha Virgil atazame. Kwa miaka mitatu na zaidi tulimwona anameza mate. Halafu Januari 1991 bosi akamwamuru amfunge mkanda kiunoni. Virgil akauangusha chini. Bosi akafoka auokote. Akauokota, akamtwanga nao. Uwanja ukalipuka! Agosti mwaka huohuo, Madison Square Garden, akamnyang'anya mkanda wenyewe wa dola milioni.

Kwa nini watu wazima wanakumbuka kofi lile mpaka leo? Kwa sababu Virgil alitaka kitu. Mhusika ni mtu anayetaka kitu na ana cha kupoteza akikitafuta. Hiyo siri waandishi wa WWF waliijua vizuri sana. Walikuwa nayo mfukoni. Jitu la Uganda ndilo waliloona halistahili kutumiwa siri hiyo.

Na kama Kamala haikutosheni, tuje kwenye lugha yetu. Mwaka 1990 walimrudisha Tony Atlas, mtu aliyejengeka kama sanamu ya shaba. Huyu pamoja na Rocky Johnson walikuwa timu ya kwanza ya weusi watupu kushika mkanda wa wachezaji wawiliwawili wa WWF, mwaka 1983. Bingwa wa historia. Alivyorudi walimvisha manyoya kichwani, wakampa ngao na mkuki, wakamwita Saba Simba. Saba Simba! Mtoto wa chekechea wa Tandika angewasahihisha bure: ni simba saba. Mwandishi wa Marekani alifungua kamusi ya Kiswahili akachota maneno mawili, akayapanga kwa sarufi ya kwao, akafunga kamusi. Hakutafuta hata mwanafunzi mmoja wa Kiafrika amwulize. Na uongo wenyewe haukufika mbali, kwani siku anatambulishwa, Roddy Piper aliyekuwa kwenye meza ya utangazaji alimtambua hewani, akasema huyo si Tony Atlas? Wenyewe hawakuamini walichoandika.

Kuna kundi la pili la mashabiki hapa watakuwa wanacheka. Hao ni wale wa miaka ya mwisho ya 90, wa Stone Cold na D-Generation X. "Sisi hatukuwa na mambo ya mikuki." Msicheke sana. Mfuateni Charles Wright. Mwaka 1992 ni Papa Shango, mganga wa mafuvu na moshi. Mwaka 1995 ni Kama, jina ambalo kwetu ni neno la kufananishia tu. Mwaka 1997 ni Kama Mustafa, yumo katika kundi la weusi wenye hasira. Mwaka 1998 ni Godfather, kuwadi anayeingia ulingoni na msururu wa wanawake. Mganga, mwenye hasira, kuwadi. Mtu mmoja, mwili mmoja, na kabati zima la nguo alizoshonewa mtu mweusi na mtu asiyemjua.

Lakini kutoka kundi hilohilo la wenye hasira alitoka The Rock. Mwaka 1996 alikuja kama Rocky Maivia, kijana wa kutabasamu, mjukuu na mtoto wa wanamieleka, mwema kuliko maelezo. Watazamaji walimchukia. Kilichomwokoa hakikuwa misuli, maana misuli alikuwa nayo tangu mwanzo. Mwaka 1997 aligeuzwa adui, akapewa kipaza sauti akaachwa aseme yake. Baba yake ni Rocky Johnson, yule mwenzake Tony Atlas. Baba wa kizazi kile walimpa mkanda. Mtoto walimpa mdomo. Ona aliyefika mbali zaidi.

Nisieleweke vibaya. Simsemi James Harris. Yule bwana alikuwa anatafuta riziki, na kazi yake aliifanya mpaka ukaamini. Kisukari kilimkata miguu yote miwili, mwaka 2011 na 2012, na akafariki Agosti 2020. Alipoandika kitabu cha maisha yake kiliitwa *Kamala Speaks*, yaani Kamala anasema. Tafakari jina hilo. Mtu alingoja mpaka ametoka ulingoni ndipo aseme neno. Mwigizaji hana kosa. Ninayemdai mimi ni aliyeshika kalamu.

Na deni halijaisha. Kofi Kingston alizaliwa Ghana. Alivyoanza kuonekana WWE mwaka 2008 walimtangaza kuwa Mjamaika, kwa sababu Jamaika inauzika kirahisi. Wakamrudishia Ghana yake mwaka 2009. Aprili 2019, katika WrestleMania ya 35, akawa bingwa wa WWE, wa kwanza aliyezaliwa Afrika, na watu wakalia machozi kwa sababu hadithi iliyoandikwa ilikuwa yake mwenyewe: miaka 11 ya kungoja mlangoni. Oktoba mwaka huohuo Brock Lesnar akampiga kwa sekunde chache, akarudishwa alikotoka. Mwaka 2021 Apollo Crews, kijana aliyezaliwa California mwenye asili ya Nigeria, akapewa nini? Mkuki. Na lafudhi. Baada ya miaka 39 tangu Memphis, bado ulikuwa mkuki.

Kwa hiyo msiniambie zamani ilikuwa dhahabu na leo ni bati. Ni karakana ileile.

Sasa nageuka kwenu, vijana wenzangu mnaoleta hadithi kwenye jarida kama hili. Mnadhani mmepona? Nimesoma hadithi zetu. Nimeona michezo yetu ya kuigiza. Mmasai yumo, amesimama getini na rungu, anasema sentensi mbili mbovu watu wacheke, hana mke, hana deni, hana ndoto. Msichana wa kazi kutoka Iringa yumo, anavunja sahani, anafukuzwa, basi. Mkimbizi wa Burundi yumo kwa ajili ya lafudhi yake. Mganga yumo, na yeye daima ana jicho jekundu. Hao ni akina nani kama si akina Kamala wetu? Mlowezi wa kofia ya kaki hayupo. Kamba tumeshika wenyewe.

Wapo wanaotuonyesha njia, tena wako huko huko Uganda iliyosingiziwa. Huko Mukono, mwaka 2023, vijana wa Soft Ground Wrestling walianza kuonekana dunia nzima wakipigana kwenye ulingo wa matope wenye nguzo za miti. Nchi yenye ekigwo chake, mieleka ya jadi ya Waganda, haikuwa na haja ya kufundishwa kupigana mwereka na mtu wa Tennessee. Ila hawa hawakurudi kuwa makumbusho. Wanaruka kutoka kwenye kamba, wanajitapa, wanatukanana, wanajipa majina wenyewe. Mwenye kuchagua kuwa adui amechagua mwenyewe, na anajua kwa nini. Matope ni yao, mdomo ni wao.

Mtazameni Hogan mkitaka. Amefariki Julai 2025, mwacheni apumzike na nderemo zake. Furahieni kelele za zamani, hata mimi nikisikia kengele ya Undertaker nywele zinanisimama. Ila Mganda wa kubuni akiingia na mkuki, usipige makofi kabla hujauliza anataka nini. Na kesho ukikaa na kalamu yako, ukafika kwenye yule Mmasai wa getini, mwulize swali hilohilo. Akikosa jibu, usimlaumu. Hajaandikwa bado.