Tusidharau Maneno Madogo

Wanafunzi wengi wa shule zetu hupenda maneno marefu ya Kiingereza. Mtu akijua "reconciliation" hutembea kifua mbele. Lakini mpe maneno mawili mafupi yaliyofungwa pamoja, "make up", nawe utamwona akikuna kichwa. Maoni yangu ni kwamba maneno haya madogo ndiyo yatupasayo kujifunza kwa bidii zaidi.

Hebu tuyatazame. "Make" peke yake ni kufanya au kutengeneza, na "up" ni juu. Lakini ukiyajumlisha, maana hugeuka kila mara kwa kufuata jambo linalosemwa. Kwa hadithi, ni kuitunga. Kwa marafiki waliogombana, ni kupatana. Kwa uso, ni kuupodoa. Kwa wachezaji 11 wa mpira, ni kuiunda timu yao. Kwa dawa, ni kuichanganya. Pakiwapo neno "mind", ni kukata shauri. Na likifuatwa na "for", ni kufidia kilichopotea.

Wala jambo hili si mchezo, kama wajuavyo ndugu zetu waliokwisha maliza shule na sasa wako maofisini. Karani mpya aweza kupewa hesabu za kampuni zilizoandikwa kwamba ni "made up to 31 December". Ikiwa ajua maana moja tu, ile ya kutunga, atadhani wakubwa wake wamekiri kuwa hesabu ni za uongo! Kumbe maana yake ni kwamba zimefungwa hadi tarehe hiyo. Lakini shahidi akisema mbele ya hakimu kwamba fulani "made it up", hapo amemwita mwongo waziwazi. Basi neno moja laweza kusifu kazi ya mtu, au kumharibia jina.

Tena tusione haya kwamba yatushinda. Samuel Johnson, Mwingereza mwenyewe, alieleza katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755 kwamba vitenzi vya namna hii huwapa wageni taabu kubwa mno.

Wako wasemao kwamba Kiingereza hakina utaratibu, na wengine kwamba Kiswahili ni maskini kwa kuwa hakina maneno kama hayo. Wote wamekosea. Sisi twapiga pasi, twapiga picha, twapiga kura na kupiga magoti, wala hapana aliyeumia! Waganda nao husema "okukuba essimu", yaani kupiga simu, na "okukuba" ni kupiga kulekule. Tena Kiswahili kina mikia ya vitenzi: pata, patia, patana, patanisha, patikana. Mwingereza huongeza neno dogo nyuma ya kitenzi; sisi twaongeza mkia. Kazi ni ileile, na mgeni ajifunzaye Kiswahili hutoka jasho kama sisi.

Basi, wenzangu, tufanyeje? Kwanza, tusikariri orodha ya maana kama kasuku. Kila maana tuiandike katika sentensi nzima, tukitazama ni nani atendaye, ni kitu gani kitendwacho, na ni neno gani lifuatalo. Pili, tujiulize, "Jambo hili kwa Kiswahili tungelisemaje?" Ukiona huwezi kulieleza kwa Kiswahili safi, ujue hujalielewa bado, hata kama umelitamka vizuri. Hapo muulize mwalimu, kwa maana kuuliza si ujinga.

Kwa hiyo mwanafunzi anayekitupa Kiswahili ili apate Kiingereza ajidhulumu mwenyewe, kwa kuwa ametupa mizani ya kupimia kile anachojifunza. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.