Mluzi wa turbo kwenye lami ya Mbinga: Ni nguvu au ni kelele tu?

BARABARA ikibadilika, magari nayo hubadilika. Kwa miaka mingi safari ya kutoka Songea hadi Mbinga, na kutoka hapo kuteremka hadi Mbamba Bay kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ilikuwa ya Land Rover, Land Cruiser na malori yaliyozoea matope. Leo kilomita 78 za Peramiho hadi Mbinga, zilizogharimiwa na Marekani kupitia Mfuko wa Changamoto za Milenia (MCC) chini ya mkataba uliosainiwa mwaka 2008, ni lami. Kilomita 66 za Mbinga hadi Mbamba Bay zimefuata, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB).

Lami hiyo imewafungulia njia wenye magari madogo, wakiwamo wanaopenda Subaru Forester na Impreza zenye turbo zinazoagizwa Japan zikiwa zimeshatumika. Na anayenunua gari la namna hiyo hachelewi kupata mshauri wa kumwambia afunge dampu valvu, yaani ile valvu inayotoa mluzi mkali kila dereva anapoachia pedeli ya mafuta ili abadili gia. Anaambiwa gari litakuwa jepesi, litavuta zaidi na turbo itadumu.

Swali la kujiuliza ni hili: je, fedha hizo, ambazo kwa wengi wilayani Mbinga zinatokana na kahawa, zinanunua nguvu au zinanunua kelele?

Ili kulijibu, ni vema kwanza kuelewa kazi ya turbo. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni moja, nayo huzungusha feni ya pili inayoshindilia hewa kuingia kwenye injini. Mzunguko huo unaweza kuzidi mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuunguzwa, na nguvu huongezeka.

Kwa mazingira ya Mbinga, hilo si jambo la anasa. Mji huo uko takriban meta 1,300 kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Nyasa liko chini ya meta 500. Katika mwinuko wa Mbinga hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na ya pwani, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Anayepanda kutoka Mbamba Bay na shehena ya dagaa wa Nyasa anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa darasani.

Tatizo hutokea dereva anapoachia mafuta ghafla. Katika injini ya petroli kilango cha hewa hujifunga, lakini feni bado inazunguka kwa kasi. Hewa iliyoshindiliwa hukosa pa kwenda, hurudi nyuma na kuigonga feni. Hapo ndipo valvu inapofanya kazi yake: hufunguka na kuipunguza hewa hiyo.

Ikumbukwe kuwa Subaru hizo zenye turbo hutoka kiwandani zikiwa na valvu ya kazi hiyo. Tofauti ni kwamba valvu ya kiwandani huirudisha hewa kwenye bomba lililo kabla ya turbo, kimyakimya. Dampu valvu ya dukani huitupa hewa hiyo nje, na mluzi unaosikika ni sauti ya hewa inayotupwa. Wala haiongezi mgandamizo wa turbo. Mgandamizo hudhibitiwa na valvu nyingine kabisa, iliyo upande wa moshi. Anayeahidiwa nguvu zaidi kwa kubadili valvu ya upande wa hewa pekee anauziwa maneno.

Hasara yake huanzia kwenye kompyuta ya gari. Magari mengi ya aina hii yana sensa inayopima hewa mara tu inapopita kwenye chujio, na kompyuta hutoa petroli kulingana na kipimo hicho. Hewa iliyokwisha kupimwa ikitupwa nje, petroli yake hubaki bila mwenzake. Matokeo ni moshi mweusi wakati wa kubadili gia, plagi kushika masizi, gari kukohoa na mafuta kwenda haraka. Katika mlima wenye kona nyingi, ambako gia hubadilishwa kila mara, hasara hiyo hujirudia kila kona.

Hasara ya pili haizungumzwi sana, nayo kwa Ruvuma ni kubwa zaidi. Valvu yenye springi laini inaweza kubaki wazi injini inapounguruma bila mwendo, na badala ya kutoa hewa ikaivuta kutoka nje. Hewa hiyo haipiti kwenye chujio. Kwenye lami safi madhara yake yanaweza kuchelewa kuonekana. Lakini atokaye barabara kuu kuelekea mashamba ya kahawa, au apitaye jirani na machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka, huingia kwenye vumbi. Vumbi likiingia kwenye silinda husaga pistoni na ringi kama msasa, na mwisho wake ni injini kula oili na kupoteza mgandamizo.

Kwa wenye magari ya dizeli jambo ni rahisi zaidi. Injini nyingi za dizeli hazidhibiti nguvu kwa kufunga njia ya hewa bali kwa kupunguza mafuta. Hakuna kilango kinachofungwa ghafla, hivyo hakuna hewa ya kupunguza. Vifaa vinavyouzwa kwa ajili ya Hilux au Land Cruiser za dizeli, vyenye swichi ya umeme ya kufungua valvu, kazi yake kubwa ni kutoa sauti.

Kwa nini basi mluzi huo unapendwa? Sehemu ya jibu iko kwenye mashindano ya magari. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya akiendesha Subaru Impreza, na tangu enzi hizo jina la Subaru limeshikamana na mashindano katika vichwa vya vijana wengi wa Afrika Mashariki. Sehemu nyingine ni hesabu ya kodi. Ushuru wa bidhaa kwa magari madogo nchini hupangwa kwa ukubwa wa injini, na mmoja wa mipaka yake ni sentimita za ujazo 2,000. Injini ya Subaru ya lita mbili ina sentimita 1,994. Inabaki chini ya mstari, huku turbo ikiipa nguvu ya injini kubwa zaidi.

Hakuna ubaya kupenda gari lenye nguvu. Ubaya ni kutumia fedha pasipostahili na kuacha panapostahili. Kutoka Mbinga kuteremka ziwani, kinachookoa maisha ni breki, matairi na gia ndogo inayoshikilia gari. Wakati huo dereva ameachia mafuta, turbo haishindilii hewa, na valvu yoyote, hata ya bei kubwa, haina msaada. Mwenye fedha ya kutosha kitu kimoja tu, na pedi za breki zimekwisha, hana sababu ya kuifikiria valvu.

Hata hivyo, si kila anayebadili valvu anakosea. Ya kiwandani huchakaa, ikaanza kuvujisha hewa na gari likawa zito. Dawa yake ni valvu nzima inayorudisha hewa ndani, pamoja na kukagua mabomba na vibano vyake. Anayetaka turbo idumu abadili oili kwa wakati, asafishe chujio, na baada ya kupanda mlima aiache injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili iipoze turbo.

Wajibu hauko kwa dereva peke yake. Fundi anayefunga kifaa hiki amweleze mteja kuwa hewa itatupwa nje na madhara yake ni yapi. Vyuo vya VETA, kikiwamo cha Songea, vina nafasi ya kuwapa mafundi wa mitaani mafunzo mafupi ya injini hizi za sensa na kompyuta. Askari wa usalama barabarani nao, wanapokagua magari, wasiridhike na taa na matairi pekee. Gari linalotoa moshi mweusi kila linapobadili gia lina jambo la kueleza.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Mkulima wa Mbinga anayefikiria kununua mluzi huo aulize kwanza hali ya breki, oili na chujio la gari lake. Akisharidhika na hayo matatu na fedha ikabaki, basi anunue, akijua kwamba anachonunua ni sauti.