Mizizi ya Miti: Kipimo Kilicho Nje ya Darasa

Ndugu mwanachuo, utakapopangiwa shule ya milimani, kama zile za Nambis huko Mbulu au zile zilizo chini ya Mlima Hanang, hutakosa kufundisha mmomonyoko wa udongo. Wengi wetu huandika ubaoni sababu tano na njia tano za kuuzuia, watoto wakanakili, kisha wakakariri. Nionavyo mimi, huko ni kupoteza nafasi, kwa maana kipimo chenyewe kimesimama nje ya dirisha.

Kipimo hicho ni mzizi wa mti. Mti unapokua, mahali shina linapogawanyika kuwa mizizi huwa karibu na usawa wa ardhi. Mvua ikiuchukua udongo mwaka hata mwaka, mizizi huachwa wazi. Basi kimo kutoka mgongo wa mzizi hadi ardhi ya leo, kikigawanywa kwa umri wa mti, hutupa makadirio ya udongo uliopotea kila mwaka. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Valmore LaMarche alitumia njia hii kwa misonobari mikongwe ya White Mountains, California, akipata umri kwa kuhesabu pete za miti. Kwetu pete si za kutegemewa katika kila mti. Yafaa tuchague miti ambayo mwaka wa kupandwa unajulikana, kama mikaratusi ya shule. Hapo wazee wa kijiji ndio daftari letu, na mwanafunzi na awaendee kwa adabu.

Tuchukue mfano. Mti una miaka 20, na mzizi umeachwa wazi milimita 60. Ardhi imepungua milimita 3 kwa mwaka. Milimita 1 katika hekta 1 ni meta za ujazo 10. Kwa hiyo hekta hupoteza meta za ujazo 30, yaani ndoo 1,500 za lita 20, kila mwaka. Mtoto achotaye maji kila siku ataielewa hesabu hiyo kuliko maneno yote ya ubaoni.

Wako watakaosema kuwa kipimo hiki hakiaminiki. Ni kweli kina hila zake. Mzizi hunenepa na kujiinua wenyewe. Shina huzuia udongo upande wa juu wa mteremko. Mti ulio kando ya njia ya ng'ombe huchimbwa na kwato. Lakini hizo si sababu za kuliacha somo. Ndizo somo lenyewe. Wanafunzi na wapime miti isiyopungua 10, wapime pembeni mwa shina, waiache miti ya njiani, kisha watafute wastani. Wala wasikate mzizi wowote.

Liko jambo moja lisilotaka mzaha. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaua watu zaidi ya 80 katika Katesh na vijiji vya jirani. Mtoto wa huko atakuuliza: je, mizizi ingalituonya? Mjibu kweli: la. Mzizi hupima udongo unaoondoka kidogo kidogo. Mlima kumeguka kwa siku moja ni jambo jingine. Mwalimu asiyetenganisha mambo hayo mawili huwapa watoto matumaini ya uongo, na siku ya hatari uongo huo huua.

Mwisho, msiishie kwenye hasara. Wakulima Wairaqw wa Kainam wamesifika tangu zamani kwa matuta na samadi. Wapeleke wanafunzi wapime miti iliyo kando ya shamba lenye matuta, halafu ile ya mteremko mtupu, walinganishe. Tofauti wakiiona kwa rula yao wenyewe, hawatahitaji kuambiwa na mwalimu kwamba babu zao walikuwa na maarifa. Nasi tutakuwa tumefundisha, si kuandikisha tu.