Ardhi Haitoi Mkopo

Hapana uvivu unaopendwa kuliko ule uliojivika vazi la hekima. Mwambie mtu anayejenga ghorofa huku Junju kwamba yampasa kuijua ardhi kabla ya kuweka msingi, naye atakujibu kwa maneno matatu: pwani haitetemeki, kupima ardhi ni gharama, na ajali haina kinga. La tatu ni methali, na yale mawili yamekaribia kupewa heshima hiyo hiyo. Msomaji wangu, nataka tuyapime maneno haya moja baada ya moja, tuone kama yanaweza kubeba nyumba.

La kwanza lina ukweli nusu. Makao makuu ya matetemeko ya Kenya ni Bonde la Ufa. Huko Subukia, tarehe 6 Januari 1928, ardhi ilitikisika kwa nguvu ya 6.9 ikapasuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 30. Junju iko mbali na bonde hilo, na asemaye kuwa hatari yetu ni sawa na ya huko anatutisha bure. Lakini umbali si ngao. Tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la nguvu ya 6 hivi lilitokea chini ya Bahari ya Hindi, kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Liliwatoa watu majumbani mwao katika mji huo, na likasikika hata Mombasa, jirani yetu.

Tena, mtikiso hauwi sawa kila mahali. Mwaka 1985, tetemeko kubwa lilianzia pwani ya Meksiko, mbali na mji mkuu kwa zaidi ya kilomita 300. Hata hivyo maelfu ya watu walikufa katika mji huo, maana sehemu kubwa yake imejengwa juu ya matope ya ziwa la kale. Matope hayo yaliukuza mtikiso, na majengo yakaanguka hali yale yaliyosimama juu ya ardhi ngumu yalisalimika. Basi swali la mjenzi si "Tetemeko liko mbali kiasi gani?" tu, bali pia "Nimesimama juu ya nini?"

Katika pwani yetu ya Kilifi jibu hubadilika kila baada ya mwendo mfupi. Hapa pana mwamba wa matumbawe, pale mchanga, na kule udongo wa mfinyanzi. Udongo laini hukuza mtikiso. Mchanga ulioshiba maji huweza kulegea ukawa kama uji. Hata mwamba hauaminiki bila kuulizwa, kwa sababu maji ya mvua hula chokaa polepole na kuacha mapango. Pango la Panga ya Saidi liko katika Kilifi hii hii. Mtu aliyeona jiwe juu ya kiwanja chake na asitoboe ameona kifuniko tu. Hajui kama chungu kimejaa au kitupu.

La pili ni gharama. Kuchimba mashimo ya majaribio, kupeleka udongo maabara na kumlipa mhandisi hugharimu fedha, nami sikatai. Lakini fedha hizo ni sehemu ndogo ya bei ya jengo, na anayezikwepa hakupunguza deni; amelihamishia kwa wengine. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la nguvu ya 5.9 lilipiga Bukoba. Watu zaidi ya 15 walikufa, nyumba nyingi zikabomoka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa. Walioshindwa kuingia madarasani hawakuwa mafundi wala wakandarasi. Walikuwa wanafunzi kama wewe.

La tatu, ajali haina kinga. Tetemeko hatuwezi kulizuia. Lakini ukuta usiofungwa nondo na msingi uliowekwa kwa kubahatisha ni kazi za mikono yetu. Mwezi wa Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, kando ya mto, baada ya mvua kubwa, likaua watu wengi. Hapakuwa na tetemeko lolote. Nahodha wa pwani hii alimtegemea Mungu, na bado alitupa bildi kupima kina kabla ya kukaribia mwamba. Hakuna aliyemwita mtu asiye na imani.

Kanuni hatukukosa. Tangu mwaka 1973 Kenya ilitoa kanuni za ujenzi zinazohusu matetemeko. Lakini kanuni iliyofungiwa kabatini haishiki ukuta. Kwa hiyo nasema: jengo lolote la watu wengi, na shule iwe ya kwanza, lisiinuliwe Junju kabla ya ardhi yake kupimwa na taarifa ya upimaji kuwekwa wazi, ili mzazi aweze kuisoma.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulio chini ya msingi hauonekani kwa macho, na wengi hawaujui mpaka siku ukuta unapolala. Unapoona mawe yakimwagwa kiwanjani, uliza kwa adabu: nani ameipima ardhi hii, na amekuta nini? Ukijibiwa kwa kicheko, uliza tena.