BWANA SHAMBA ANASEMA: Kumi la Mwisho na Gunia la Mbegu



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya siku kumi za mwisho za Ramadhani. Msishangae kuona Bwana Shamba anazungumza habari za mfungo. Mimi si shehe. Mambo ya dini waulizeni mashehe na walimu wa madrasa. Lakini mfungaji ana shamba, na shamba halifungi. Mvua ikija haiulizi kama watu wamekula daku.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja niliita mkutano wa wakulima katika kijiji kimoja cha milimani hapa Lushoto. Niliuweka saa 8 mchana, siku ya 27 ya Ramadhani. Watu walikuja kwa heshima. Nikaanza kufundisha nafasi ya kupandia mahindi. Nilipotazama, nusu ya watu walikuwa wanasinzia. Wengine walikuwa wamelala kabisa chini ya mparachichi.

Baada ya mkutano nilimwendea mzee mmoja. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Leo nimewachosha?"

Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Je, unafunga?"

Nikasema, "Nafunga, mzee."

Akasema, "Basi usiku wa jana ulikuwa wapi? Sisi tulikesha msikitini. Tuite asubuhi, kabla jua halijawa kali, nasi tutakusikia."

Nilinyamaza. Mzee alisema kweli. Tangu siku hiyo, katika Ramadhani nafanya mikutano saa 1 asubuhi. Na kumi la mwisho likiingia, siiti mkutano wowote. Wakati huo nawatembelea wakulima shambani kwao tu.

KUMI LA MWISHO NI NINI?

Ramadhani ina siku 29 au 30. Watu huigawa mara tatu: kumi la kwanza, kumi la kati na kumi la mwisho. Kumi la mwisho ndilo lenye ibada nyingi zaidi. Ndani yake Waislamu hutafuta Lailatul Kadri, yaani Usiku wa Cheo. Hutafutwa hasa katika usiku wa 21, 23, 25, 27 na 29.

Sura ya 97 ya Kurani inaeleza kwamba usiku huo ni bora kuliko miezi 1,000. Tufanye hesabu. Mwaka una miezi 12. Miezi 1,000 ni miaka 83 na miezi 4. Huo ni umri wa mtu aliyeishi mpaka akazeeka. Ndiyo maana watu hukesha, na wengine hukaa itikafu msikitini.

Sasa tutazame kalenda. Kila mwaka Ramadhani hutangulia kwa siku 10 au 11. Mwaka 2024 Idi ilikuwa mwezi Aprili. Mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Maana yake, miaka hii kumi la mwisho linakaribiana na masika. Huo ndio wakati wetu wa kupanda mahindi na maharage. Ibada kubwa na kazi kubwa zimekutana mlango mmoja. Asiyepanga mambo yake mapema atakosa vyote viwili.

HABARI YA DEBE MBILI

Nitawaeleza habari ya mkulima mmoja. Yeye mwenyewe aliieleza mbele ya kikundi chake, akaniruhusu niiandike. Jina lake silitaji.

Mwaka 2025 mkulima huyu alikuwa na debe 2 za maharage ya mbegu. Shamba lake lilikuwa limelimwa. Kila alipoulizwa lini atapanda, alijibu, "Baada ya Idi." Siku ya 26 watoto wakaanza kuuliza nguo. Jirani alikuwa amekwisha nunua. Mkulima akaona haya. Akabeba zile debe 2 mpaka sokoni, akauza. Akanunua nguo, mchele, nyama na sukari. Idi ikapita vizuri.

Baada ya Idi akataka kupanda. Hana mbegu. Akaenda kwa mtu mmoja mwenye akiba, akakopa debe 2. Masharti yalikuwa arudishe debe 4 wakati wa mavuno.

Kwa kuwa alichelewa kupanda, alivuna debe 7 tu. Akalipa deni debe 4. Zikabaki 3. Akatenga 2 za mbegu. Ikabaki debe 1 ya kula kwa nyumba ya watu sita. Aliniambia hivi: "Bwana Shamba, nguo zile watoto walivaa siku moja. Njaa waliivaa miezi mitatu."

Ndugu wasomaji, sisemi watoto wasivae. Idi ni furaha, na mtoto akifurahi mzazi hupata baraka. Nasema mbegu si fedha ya Idi. Fedha ya Idi itafutwe mapema. Itoke katika kuku, mayai, parachichi au karoti. Afadhali kuweka kidogo kidogo tangu mwezi wa Rajabu kuliko kuuza mbegu siku ya 26. Vilevile usimuuzie mchuuzi kabichi zikiwa bado changa shambani kwa sababu Idi imekaribia. Yeye anajua una haraka. Bei ataipanga yeye.

MAGUNIA MATATU

Sasa mnajua kusoma na kuandika. Tumieni elimu hiyo. Mkishavuna, tengeni magunia matatu. Andikeni juu ya kila moja kwa herufi kubwa: CHAKULA. MBEGU. FITRI.

Gunia la FITRI ni la zaka ya mwisho wa mfungo. Kila mtu wa nyumba hutolewa pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali hapo, hata mtoto mchanga. Pishi ni vibaba vinne. Wengi huikadiria kuwa kilo 2 na nusu au zaidi kidogo. Nyumba ya watu 7 itatoa pishi 7. Hizo ni kilo 17 na nusu, karibu debe moja la mahindi. Ukiitenga mwezi wa mavuno huioni kuwa mzigo. Ukiingoja mpaka siku ya mwisho, utaingia gunia la mbegu.

Fitri itolewe kabla ya swala ya Idi, ili maskini naye apike siku hiyo. Ikitolewa baada ya swala, inakuwa sadaka ya kawaida. Na mwezi unaweza kuonekana jioni ya siku ya 29. Kwa hiyo msiingoje siku ya 30, huenda isiwepo. Mtu asiye na chakula cha kumtosha yeye na watu wake siku ya Idi, huyo hatoi. Yeye ndiye wa kupewa.

Pishi ya fitri ijae. Na debe la sokoni nalo liwe la haki. Tunalalamikia lumbesa tunapouza viazi, na ni haki yetu kulalamika, maana lumbesa imekatazwa. Basi nasi tusimpunje jirani kwa kibaba kilichobonyezwa.

MAMA NAYE APATE USIKU WAKE

Hapa nawaambia hasa wanaume wenzangu. Katika kumi la mwisho sisi tunafuturu, tunakwenda msikitini. Mama anabaki na sufuria. Mchana alikwenda kuchanja kuni, akateka maji bondeni, akapandisha kilima akiwa na kiu. Jioni anapika uji wa pilipili manga, ndizi, magimbi na maharage. Usiku anaamka kabla ya wote kupika daku. Je, atasali lini?

Dawa yake ni kupanga. Kati ya siku ya 15 na ya 20 fanyeni haya:

1. Kusanyeni kuni za kutosha siku kumi. Baba na vijana wabebe.
2. Sageni unga wa kutosha.
3. Nunueni nguo na sukari kabla bei haijapanda.
4. Zibueni makinga maji na pandeni upya majani yaliyokufa kwenye kingo. Mvua ya kwanza ya masika ndiyo inayobeba udongo wetu mpaka bondeni.
5. Mbegu iwe tayari. Mvua ikishalowesha udongo vizuri, pandeni. Msiseme "baada ya Idi".

Kumi la mwisho likiingia, vijana wateke maji kila siku baada ya shule. Kazi ya shamba iwe saa 12 asubuhi mpaka saa 4. Mchana watu wapumzike. Usiku, toka futari mpaka daku, kunyweni maji mengi. Mama mjamzito, anayenyonyesha au mgonjwa asijilazimishe kufunga na kulima. Dini imempa ruhusa. Akamwulize shehe na mganga wa zahanati.

MBOGA ZA IDI NA SUMU

Siku za mwisho, wanunuzi wa nyanya, karoti, hoho na viazi huwa wengi. Malori hushuka Soni mpaka Mombo yakiwa yamejaa, yakienda Tanga na Dar es Salaam. Ukitaka kuuza wakati huo, hesabu kurudi nyuma. Karoti na kabichi huchukua miezi mitatu hivi tangu kupanda mbegu. Nyanya huchukua kama miezi minne, pamoja na muda wa kitaluni. Idi ikiwa katikati ya Machi, kitalu cha nyanya kiwe tayari katikati ya Novemba.

Lakini kuna jambo linaloniumiza. Wapo wanaopuliza dawa leo na kuchuma kesho, kwa sababu gari la Idi linaondoka. Kila chupa ya dawa ina karatasi. Karatasi hiyo inasema ungoje siku ngapi kabla ya kuchuma. Isome. Kama inasema siku 7, ngoja siku 7. Mtu amefunga mchana kutwa kwa ajili ya Mungu. Usimfuturishe kwa sumu. Na wewe usipulize dawa mchana ukiwa na kiu na usingizi. Puliza asubuhi, ukiwa umefunika pua na mdomo. Nawa vizuri kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

JIRANI

Katika milima yetu Waislamu na Wakristo wanapakana mashamba. Mwaka 2022, 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Najua kijiji kimoja ambako Wakristo walisaidia kupanda mashamba ya wajane Waislamu katika kumi la mwisho. Krismasi ilipofika, Waislamu wakawachanjia kuni. Hakuna aliyewaamuru. Huo ni msaragambo mzuri. Uigeni.

Mwisho, ndugu wasomaji, kumi la mwisho ni siku chache. Zikipita, kuzipata tena ni mwaka mwingine, na si kila mmoja wetu atakuwapo. Tuzitumie kwa sala, kwa kusoma, kwa kusamehe madeni madogo na kwa kupanda kwa wakati. Nawatakia mfungo mwema na Idi njema.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Nyumba yako ina watu wangapi? Fitri yako ni pishi ngapi?
2. Yule mkulima angefanya nini ili watoto wavae na mbegu ibaki?
3. Katika nyumba yako, nani anateka maji siku za kumi la mwisho? Nani mwingine angeweza?